Mkulima wa gunia naye?

Wasee, tukisikia mkulima ameumizwa na tabianchi tunawaza Turkana na Marsabit. Ni kweli, huko mvua ilikosa misimu mitano mfululizo kati ya 2020 na 2022. Lakini shuka hapa Soweto East uone akina mama wenye sukuma kwenye magunia nje ya mlango. Kilimo hiki kilishika Kibera 2008, baada ya vurugu za uchaguzi, njaa ilipobisha na shirika la Solidarités likaanza kugawa miche.

Sasa, gunia halina maji ya chini ya kutegemea. Jua likiwaka siku mbili tu, udongo umekauka. Maji ni ya kununua kwa mtungi, na bwawa la Ndakaini likishuka, Nairobi inapewa maji kwa zamu kama 2017, bei ya mtungi inaruka. Umwagilie sukuma ama upike? Halafu mvua nayo siku hizi ikija inakuja yote pamoja. Mto Ngong ukifurika, magunia ya kando yake yanalowa maji ya choo. Hiyo mboga huli, na huuzi.

Kinachoniudhi ni hiki: mbolea ya ruzuku inataka usajiliwe, na usajili unauliza ekari. Mama wa magunia kumi aandike nini? Wa Kitale apate, sina noma. Lakini na huyu je?

Mimi ningeanza na tangi moja kwa kila ploti. Mabati tunayo tayari, na mvua ya Aprili inateremka juu yake bure hadi mtaroni.