Giaboksi Imebadilishwa, Gia Zinagoma
Kati ya Korogwe na Handeni kuna kilomita 65, na pikapu inayobeba mahindi ya wakulima ikilala gereji, hasara huanza siku hiyohiyo. Pikapu hiyo imefungwa giaboksi ya mtumba, lakini gia haziingii. Kumwambia mwenye gari anunue nyingine kabla ya kupima ni kumwonea. Fundi azime injini, kisha ajaribu gia. Zikiingia zote, halafu zikagoma injini inapowaka, mashaka yahamie kwenye klachi: haiachii, pengine kwa upepo uliobaki kwenye bomba lake (kosa la kawaida baada ya kazi kama hii) au pleti iliyofungwa kinyume. Zikigoma hata injini ikiwa imezimwa, aanze na kebo za gia.