Kabla ya Azhar, Tujiandae Nyumbani



Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, kila mwaka tunaletewa ombi lilelile: "Ustadhi, mwombee mwanangu afike Azhar." Dua ni njema, lakini peke yake haitoshi.

Mwanafunzi mgeni akifika Cairo hupimwa lugha kwanza. Asiyeiweza huanza na masomo ya Kiarabu, huku wenzake wakitangulia kitivoni. Nje ya darasa kuna mtihani mwingine. Sisi tumemfundisha kuwa mkate ni khubz. Dukani anausikia ukiitwa aish. Jamal anaitwa Gamal. Asubuhi ni maharage ya ful, si chai na maandazi, na baridi ya Januari humkuta hana koti. Nguo afue mwenyewe, na masurufu yamfikishe mwisho wa mwezi.

Anayevunjika moyo hapo si mjinga, hakuandaliwa. Na lawama ya kwanza ni yetu walimu. Tunawahifadhisha kanuni za nahau, lakini hatuwazoezi kuzungumza. Mtoto anaijua nahau kwa moyo, kuuliza njia hawezi.

Rai yetu ni hii: kila wiki iwepo saa moja ya Kiarabu kitupu hapa madrasa. Nanyi wazazi, wafunzeni watoto, wa kike na wa kiume, kupika, kufua na kuweka hesabu ya fedha.

Msikiti wa Azhar ulianza kujengwa mwaka 970. Haukimbii. Tusiwapeleke watoto kabla hawajawa tayari.

Wabillahi tawfiq.