SUKARI YA BAGAMOYO NA MADALALI WASIOANDIKWA



Wako watuambiao kwamba nchi huongozwa na wale waliopigiwa kura. Maneno haya ni matamu, na sisi twayapinga. Baina ya sanduku la kura na amri ya Serikali ipo njia ndefu, na njiani wamekaa wawili ambao hapana aliyewachagua: mwenye maslaha yake, na mkubwa wa ofisi mwenye muhuri. Atakaye ushahidi na avuke bahari mpaka Bagamoyo, ashike njia ya Makurunge kuelekea Mto Wami.

Huko ndiko ilikokuwa RAZABA, yaani Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo, iliyoanzishwa katika miaka ya 1970. Ranchi ikafa katika miaka ya 1990. Ardhi yake, hekta zaidi ya 20,000, ikaja kupewa kampuni ya Kiswidi, Eco Energy, ipande miwa. Hati ya miaka 99 ikatolewa 2013. Serikali nayo ikaingia ubia, mtaji wake ukiwa ardhi ile ile. Litazameni vyema jambo hili: mgawaji wa ardhi, mlinzi wa ardhi na mwenye hisa ni mmoja. Mkulima wa Makurunge akidhulumiwa, amshitaki nani, na kwa nani?

Kisha wakaja wengine. Sida, shirika la misaada la Uswidi, lilikuwa tayari kudhamini mkopo, 2015 likajitoa. Mwaka huo huo ActionAid ikapiga kelele kwa ajili ya wanavijiji. Mwaka 2016 Serikali ikaifuta hati, ikataja wanyama wa Saadani na maji ya Wami. (Wanyama wale na mto ule, kwa kadiri tujuavyo, havikuhamia huko baada ya 2013.) Kampuni ikashitaki mbele ya baraza la usuluhishi lililo chini ya Benki ya Dunia, na 2022 Tanzania ikaamriwa kulipa dola zipatazo milioni 165. Mwisho wa mwaka huo ndege ya Air Tanzania ikazuiwa Uholanzi kwa ajili ya deni hilo.

Twauliza: nani alikwenda kwa nani, siku gani, akaomba nini, akajibiwa nini? Hapana daftari. Sisi tuliokaa chuoni juu ya mkeka tulifunzwa kwamba deni huandikwa na mashahidi wakasimama. Dukani, hata nusu kilo ya sukari ya mkopo huandikwa. Milioni 165 hazikuandikwa mahali ambapo raia angeweza kusoma.

Tutaambiwa: hata Marekani mambo ni hayo hayo. Ni kweli, na hatuwasifu. Wenye mashamba ya miwa wa Florida na Louisiana wamelindwa na sheria kwa miaka mingi. Sukari ya kigeni huwekewa kiasi, na Mmarekani huinunua sukari kwa bei iliyo juu ya bei ya dunia. Wenye faida ni wachache, nao wamejipanga. Wenye hasara ni mamilioni, na kila mmoja hupoteza kidogo tu, hata hana haja ya kusafiri mpaka Washington kudai haki yake. Kundi dogo hulishinda taifa kwa hesabu hiyo.

Lakini tangu 1946 sheria yao humtaka mshawishi wa kulipwa ajiandikishe, na sheria ya 1995 ikakaza zaidi: hutaja ni nani amlipaye na ni jambo gani alitakalo. Sheria nyingine ya 1946 huzitaka ofisi zitangaze kanuni zao kabla ya kuzipitisha, na raia apeleke maoni yake. Mroho hakukoma, lakini nyayo zake huonekana.

Kwetu nyayo hufutwa. Mwaka 2018 Wabunge wa Visiwani waliuliza Dodoma kwa nini sukari ya Mahonda haipati soko Bara. Jibu likawa kwamba Zanzibar yenyewe haijajitosheleza. Mbona nchi ambayo nayo haijajitosheleza huagiza sukari kutoka nje, na vibali vyake vikatolewa ofisini? Nani aliyaandika majina ya waombaji pale ambapo sisi tungeyaona?

Twawataka Wawakilishi na Wabunge wetu wapeleke hoja ya daftari la washawishi, lililo wazi kwa kila mtu, na ya kubandikwa kila mkataba wa ardhi katika ofisi ya kijiji kabla haujatiwa saini. Matawi yaliyo tayari yalete barua zao kwa katibu.