Kaka Kapata Cheo Nairobi, Wifi Je?

Najua nimepotea. Wiki mbili zilizopita zilikuwa za test mfululizo, halafu bumu nalo limechelewa, yaani mtu hata hamu ya kuandika huna. Ila leo kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumapili na nisipolitoa hapa sitalala.

Jumapili nilienda nyumbani Tabata. Mama kapika pilau, shangazi kaja toka Kibaha, soda kreti nzima. Sababu ni kaka yangu mkubwa, kapandishwa cheo. Yuko kampuni moja ya bima hapa Dar, huu mwaka wa saba, kitengo cha madai, na sasa wanamtaka Nairobi akaongoze kitengo hicho hicho kwenye ofisi yao kubwa. Kampuni ile ile, kazi inayofanana, nchi nyingine. Miaka miwili. Mama alilia kwa furaha na mimi nilipiga vigelegele sana tu, msije mkanielewa vibaya.

Baadaye nikaomba niione barua. (Mnanijua nilivyo mmbea.) Kurasa mbili. Mshahara upo, kibali cha kazi watashughulikia wenyewe, nauli, kusafirisha vyombo, nyumba kwa miezi mitatu ya mwanzo. Kuhusu wifi na mtoto kuna sentensi moja: familia inaruhusiwa kufuatana na mfanyakazi. Inaruhusiwa! Kama begi la ziada kwenye basi.

Sasa wifi mwenyewe ni mwalimu wa sekondari ya serikali, Kiswahili na Historia, masomo haya haya ninayosomea mimi. Alipomaliza chuo alikaa mtaani miaka minne akisubiri ajira, anafundisha tuisheni barazani na kuuza maandazi asubuhi. Sisi wa elimu foleni hiyo tunaijua. Mwanzoni mwa 2025 waombaji wa ualimu serikalini walikuwa zaidi ya laki mbili kwa nafasi ambazo hata elfu 15 hazifiki. Hiyo ndiyo kazi ambayo Jumapili, kati ya pilau na soda, ukoo mzima ulishamwachisha.

Hakuna aliyetamka neno kuacha. Shangazi alisema tu, "Mke humfuata mumewe, ualimu upo popote." La kumfuata mume namwachia shangazi, yeye ni mkubwa. Ila hapo kwenye "ualimu upo popote" napinga, tena nikiwa mtu niliyebakiza mwaka mmoja kuingia kwenye hiyo foleni.

Ndani ya nchi sawa. Mwalimu anaomba uhamisho wa kumfuata mwenza, anaambatanisha cheti cha ndoa, anazungushwa weee, lakini mlango upo. Ukivuka Namanga mlango huo haupo. Kenya wana Tume ya Utumishi wa Walimu, jina sawasawa na ya kwetu, msichanganye. Ya kwao inasajili kila mwalimu, hata wa shule binafsi, na bila usajili huruhusiwi kufundisha. Wifi aanze kupeleka vyeti vikakaguliwe. Halafu anahitaji kibali cha kazi chake mwenyewe, maana pasi ya mtegemezi inamruhusu kuishi na mume, siyo kufanya kazi.

Rafiki yangu mmoja anayesoma sheria akanicheka. Akasema mbona kuna Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ilianza kutumika Julai 2010, we unaogopa nini? Nikaenda kuisoma. Ibara ya 10 kweli inampa mfanyakazi haki ya kufuatana na mwenzi na mtoto, na hao nao wanaweza kuajiriwa. Nikashangilia peke yangu maktaba, mtu akaniangalia vibaya. Nikaendelea kusoma. Ibara hiyo hiyo inasema haihusu ajira za utumishi wa umma, isipokuwa sheria za nchi mwenyeji ziruhusu. Na kila nchi iliambatanisha orodha yake ya kazi inazofungua. Kwa hiyo shule ya serikali kule asiitegemee, na ya binafsi akabahatishe. Wala tusiwaseme Wakenya peke yao. Na sisi tuna sheria yetu ya ajira za wageni ya 2015, na walimu wao wanaokuja kufundisha shule za Kiingereza za hapa Dar watawasimulia.

Kuna na mtoto. Yuko darasa la tatu shule ya serikali, hisabati na sayansi vyote anajifunza kwa Kiswahili. Januari anaingia gredi ya nne Nairobi, ambako kuanzia hapo lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Nilipokuwa TP nilifundisha kidato cha kwanza, nikaona watoto wana jibu kichwani kabisa ila hawana maneno ya kulitoa. Wanakaa kimya, wanaitwa wazito. Sasa huyu atafika ana miaka tisa, hana rafiki hata mmoja. Mjomba akasema si afadhali mama yake atakuwa nyumbani, atamfundisha. Nilimeza soda ikapita puani.

Kwenye hela sitakaa sana. Kaka alichukua mshahara mpya akazidisha kwa 20, maana shilingi yao ni kama 20 zetu, wote tukasema waaa. Hakutoa kodi, ambayo kule daraja la juu kabisa ni asilimia 35 wakati kwetu ni 30. Hakutoa makato yao ya nyumba asilimia 1.5 wala ya afya asilimia 2.75. Na hakutoa mshahara wa wifi, ambao ndio unalipa kodi ya nyumba Tabata.

Msimamo wangu: kaka aende, nafasi kama hii haiji kila siku. Ila aende peke yake miezi sita ya kwanza, wifi abaki kazini huku usajili na kibali vinafuatiliwa, tena gharama hizo na nauli za kuja kuonana kampuni izibebe, iandikwe kwenye barua. Na iandikwe miaka miwili ikiisha anarudi kwenye kiti gani Dar. Haya yote yanaulizwa kabla ya kusaini. Sasa hivi wao ndio wanamhitaji. Akishasaini yeye ndiye atakuwa anaomba.

Najua mtanishambulia kwenye hiyo miezi sita. Baba yetu alifanya kazi Mwanza miaka mitano familia ikiwa Dar, na kaka alikua akiongea na baba kupitia simu ya jirani. Nilipomwambia wazo langu alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Dada, mimi sitaki mwanangu anisikie kwenye simu." Hapo sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Bado sioni kwa nini suluhisho liwe ni mtu mmoja tu kupoteza kazi.

Tulipokuwa tunaosha vyombo nikamuuliza wifi yeye anasemaje. Akasugua sufuria kwanza. Akasema, "Wifi, we ndio wa kwanza kuniuliza." Halafu akaanza kunihadithia kidato cha nne wake, mtihani wa taifa Novemba, kuna binti mmoja anaandika insha mpaka anatamani kumpa daftari lake mwenyewe.

Kaka anatakiwa ajibu mwisho wa mwezi. Jana nimemtumia maswali yote kwenye meseji, yametoka marefu kama hili. Kajibu "tutaongea".

Wenye ndugu waliohamishwa hivi na kampuni zao, naombeni mnihadithie walifanyaje, hasa hao wenza wao. Ngoja nikimbie kafeteria, wali unaisha saa mbili.