Mwamba Ngoma na Maazimio ya Kongo

Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ni vigumu kuona ushahidi wa msemo huu ulio wazi kuliko namna yanavyosomwa maazimio ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa juu ya nchi ya Kongo. Imekuwa desturi kusema kwamba maazimio hayo hayana nguvu. Usemi huo ni wa uvivu. Maradhi yamo katika usomaji: kila mmoja hulifunua azimio, akaishika ibara inayomwamuru jirani yake, akaifunika ile inayomwamuru yeye mwenyewe.

Maradhi haya yalianza pamoja na uhuru. Kongo ilijitawala tarehe 30 Juni 1960, na kabla mwezi wa Julai haujafika nusu askari wa Ubelgiji walikwisha ingia kazini bila idhini ya serikali mpya, na jimbo la Katanga lilikwisha tangaza kujitenga. Azimio la 143, la tarehe 14 Julai, liliitaka Ubelgiji iondoe majeshi yake. Halikutaja siku. Azimio la 145, la tarehe 22 Julai, lilitaka jambo hilo litimizwe kwa haraka. Azimio la 146, la tarehe 9 Agosti, lilitaka majeshi yatoke Katanga mara moja. Anayelazimika kurudia neno lile lile mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, hasemi na kiziwi. Anasema na mtu aliyeziba masikio.

Lakini azimio hilo la 146 lilikuwa na ibara nyingine, iliyokataza jeshi la Umoja wa Mataifa kuingilia mgogoro wowote wa ndani, uwe wa katiba au wa namna nyingine. Katibu Mkuu, Bwana Dag Hammarskjöld, aliifasiri kwamba askari wake hawawezi kutumiwa na serikali ya kati kuishurutisha serikali ya Katanga. Waziri Mkuu, Bwana Patrice Lumumba, aliupinga ufasiri huo vikali. Azimio la 143 liliahidi serikali yake msaada wa kijeshi, na la 145 liliyataka mataifa yasitende lolote la kuvunja umoja wa nchi. Kujitenga kunakosimama juu ya bunduki za wageni kutaitwaje mgogoro wa ndani? Hoja hii ilikuwa na uzito, kwa kuwa iliyasoma maazimio matatu kama mwili mmoja, na hapana mwenye akili anayeukata mkono akadai kuwa amemwona mtu mzima. Baraza lilikutana tarehe 21 Agosti, likaachana bila azimio jipya. Kimya kikawa hukumu. Vikosi vya Ubelgiji viliondoka Katanga, ila maofisa wa Kibelgiji walibaki wakiongoza jeshi la jimbo. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba akauawa huko huko Katanga.

Ndipo azimio la 161 lilipokuja, tarehe 21 Februari 1961, likataja kwa majina yale yaliyokuwa yakijificha nyuma ya neno moja la majeshi: Wabelgiji na wageni wengine wote wa kijeshi, washauri wa siasa, na askari wa kukodiwa. Sheria ilichelewa kwa sababu mkosaji alibadili vazi, na wasomaji wakakubali kwamba mwenye vazi jipya ni mtu mpya.

Miaka 64 baadaye, siku ile ile ya tarehe 21 Februari, mwaka 2025, Baraza lilipitisha kwa kura zote 15 azimio la 2773. Goma ilikuwa imetekwa na kundi la M23 mwezi Januari, na Bukavu mwezi uo huo wa Februari. Azimio lilitaka M23 itoke katika miji hiyo. Lilitaka jeshi la Rwanda liache kuisaidia M23, na litoke katika ardhi ya Kongo mara moja, bila masharti. Tena lilitaka jeshi la Kongo liache kuvisaidia vikundi vyenye silaha, hasa FDLR.

Ngoma ikawambwa upya. Kigali ilikana kuisaidia M23, ikaviita vitendo vyake hatua za kujihami, na kuondolewa kwa hatua hizo ikakufunga na kumalizwa kwa FDLR. Hofu yake si ya kubuni, maana chimbuko la FDLR limo miongoni mwa waliofanya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Lakini Baraza liliijua hofu hiyo, ndiyo sababu likaiandikia ibara yake. Anayesema "tutatoka FDLR ikiisha" ameandika sharti juu ya maneno "bila masharti".

Kinshasa nayo haina mikono safi. Huisoma ibara ya Rwanda kwa sauti ya mnadi, na ile ya FDLR kwa mnong'ono. Hata Kiswahili kimeazimwa kushona mavazi: vikundi vinavyopigana upande wa serikali vimeitwa Wazalendo, kana kwamba jina zuri humwondolea mtu hesabu ya aliyoyatenda.

Mapatano yaliyotiwa saini Washington tarehe 27 Juni 2025 yaliyafunga pamoja mambo mawili: kuimaliza FDLR, na Rwanda kuondoa hatua zake za kujihami. Mapatano ni jambo jema. Walakini neno la mshitakiwa limeingia mahali pa neno la sheria, na wajibu uliokuwa wa kila mmoja peke yake umegeuka biashara ya nipe nikupe.

Basi usomaji wa haki ni huu. Kila ibara humfunga inayemtaja, hata kama mwenzake hajatimiza yake. Na jeshi, kama kundi lolote, hujulikana kwa vitendo vyake, si kwa jina lililojipa. Watu wa Goma na Bukavu, ambao Kiswahili ni lugha yao ya soko na ya msiba, hawahitaji mfasiri wa neno "tokeni". Wanahitaji walioandikiwa neno hilo walisome hadi mwisho.