Kabla ya kununua tela, uliza litasimamaje

Anayepita mpakani Rusumo siku hizi hawezi kukosa kuyaona. Nyuma ya pikapu, nyuma ya Land Cruiser, na wakati mwingine hata nyuma ya gari dogo la familia, kuna tela la kuchomelea limejaa maharage, magodoro au vyombo vya nyumbani. Barabara hii nimeizoea kwa miaka mingi, na simlaumu hata kidogo mfanyabiashara anayetafuta njia ya kupunguza gharama. Kukodi Fuso kwa mzigo wa nusu Fuso ni kula mtaji wako mwenyewe.

Kinachonitia wasiwasi ni swali ambalo wengi wetu tunamuuliza fundi: "Gari langu litaweza kuvuta?" Fundi hutazama injini, hutikisa kichwa kukubali, na biashara inaisha hapo. Lakini ndugu msomaji, karibu kila gari litavuta. Swali la kwanza lilipaswa kuwa je, litaweza kusimama?

Tuchukue mfano wa Toyota Hilux ya dizeli ya miaka ya karibuni, ile ya milango minne. Huko Australia, ambako magari haya hufanya kazi nzito za mashambani, mtengenezaji ameruhusu ivute hadi kilo 3,500. Kiwango hicho ni cha tela lenye breki zake lenyewe. Kama tela halina breki, kiwango cha gari hilohilo kinashuka hadi kilo 750. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambayo wengi wetu tunaiona kama mfalme wa barabara mbovu, nayo ni hivyohivyo: kilo 3,500 kwa tela lenye breki, kilo 750 kwa lisilo nazo. Injini haikubadilika wala chesisi haikubadilika. Kilichobadilika ni nani anayesimamisha mzigo.

Sasa tupige hesabu ya sokoni. Magunia 12 ya maharage, kila moja kilo 100, ni kilo 1,200. Tela lenyewe la chuma, na magurudumu yake, tuseme ni kilo 400. Jumla ni kilo 1,600, yaani zaidi ya mara mbili ya kile ambacho Hilux inaruhusiwa kuvuta bila breki za tela. Na matela mengi yanayochomelewa mitaani kwetu hayana breki hata moja. Mteremkoni, kilo hizo zote zinasukuma gari kutoka nyuma, na breki za gari peke yake ndizo zinazozizuia. Zikipata moto sana zinakataa kushika, na hapo dereva hana la kufanya.

Najua watakaonijibu kwamba fulani amevuta hivyo miaka mitano na hajapata tatizo. Inawezekana. Kwenye tambarare, kwa mwendo wa pole, siku ambayo hakuna mtoto aliyekatiza barabara, tela lisilo na breki halimsumbui mtu. Lakini breki hainunuliwi kwa ajili ya siku njema. Tena mwendo nao una hesabu yake: mzigo ulio katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa una nguvu ya msukumo karibu mara 1.8 ya mzigo huohuo ukiwa katika kilomita 60. Aliyeongeza kidogo tu kwenye mshale wa mwendo ameongeza karibu maradufu kazi ya breki.

Kwa mtazamo wangu, mpango mzuri wa kununua unaanzia kwenye mzigo. Pima kwanza unachobeba, kisha chagua tela, na gari liwe la mwisho. Wengi tunaanza na gari kwa sababu tayari tunalo, halafu tunalilazimisha litii. Ukishajua kilo zako, mwambie fundi aweke ekseli yenye breki kabla hajapaka rangi. Kwa wafanyabiashara wadogo, breki za msukumo zinatosha: gari linapopunguza mwendo, tela linajisukuma mbele kwenye ndoano, na msukumo huo ndio unaokaza breki za tela. Hazihitaji umeme wala kifaa cha ziada ndani ya gari. Mwombe pia aweke magurudumu ya ukubwa mmoja na ya gari lako, yenye matundu ya nati yanayolingana, ili tairi moja la akiba liokoe yote mawili. Na asisahau minyororo ya usalama, maana ndoano ikichomoka, minyororo ndiyo inayobaki kuligomesha tela lisiende kwa watu.

Upakiaji nao una kanuni zake. Mzigo mzito ukae mbele kidogo ya ekseli, ili kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa tela uegemee kwenye ndoano ya gari. Kwa tela letu la kilo 1,600, hizo ni kilo 160 hadi 240, na ni lazima zihesabiwe kama sehemu ya mzigo wa gari, pamoja na abiria na magunia uliyoweka kwenye bodi. Soma pia kilo zilizoandikwa kwenye ndoano yenyewe, kwa kuwa nayo ina kikomo chake. Ukirundika mzigo nyuma, tela litainua mkia wa gari na kuanza kuyumba kushoto na kulia. Likianza hivyo, usikanyage breki kwa nguvu wala usiongeze mafuta. Toa mguu taratibu, shika usukani wima, na liache litulie.

Wafanyabiashara wa ukanda huu tuna mitihani miwili ambayo vitabu vya magari havitutajii. Wa kwanza ni milima. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Gari lililojaribiwa Dar es Salaam likaonekana shujaa litafika maeneo ya Kabale, karibu mita 2,000 juu, likiwa limepoteza moja ya tano ya nguvu. Kwa hiyo tafuta dizeli yenye tabo, na unaposhuka tumia gia ileile ndogo ambayo ungeitumia kupanda. Wa pili ni kubadilisha upande. Tanzania na Uganda tunaendesha kushoto, Rwanda na Burundi kulia. Dereva mwenye usukani upande usiofaa, akiwa na tela linaloziba kioo cha ndani, anapita magari mengine kwa kubahatisha. Vioo vya pembeni virefu ni vya lazima.

Nigeukie ndugu zetu wanaorejea nyumbani kutoka ughaibuni. Wapo wanaofikiria kuja na tela la kulala kutoka Marekani, wakae humo wakati nyumba inajengwa. Wazo si baya, maana pango la nyumba linakula pesa za ujenzi. Lakini wajue wanachonunua. Tela la Marekani la urefu wa mita sita au saba mara nyingi huzidi kilo 2,000 likiwa tupu. Umeme wake ni volti 120, wakati wetu ni wa volti 220 hadi 240, na ukichomeka bila transfoma utaunguza kila kitu. Breki zake kwa kawaida ni za umeme, zinahitaji kifaa maalumu ndani ya gari linalovuta. Hata tufe la ndoano ni tofauti: la Marekani hupimwa kwa inchi, na lile la inchi mbili ni milimita 50.8, wakati la Ulaya ni milimita 50. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini kufuli la tela huenda lisifunge sawasawa. Tela la Uingereza nalo mlango wake uko kushoto, kwa hiyo ukiegesha kando ya barabara za Rwanda au Burundi utashukia kwenye magari yanayopita.

Na yule anayerudi kutoka nchi jirani na vyombo vyake vya ndani, safari moja tu, asinunue tela kabisa. Akodi Fuso, au achangie na wenzake wawili. Tela ni la mtu mwenye safari za kila wiki.

Makaratasi nayo tusiyadharau. Tanzania na Kenya, tela lina namba zake za usajili, mbali na za gari. Ukienda kukata bima, pamoja na ile Kadi ya Njano ya COMESA, hakikisha tela limetajwa, kwani kampuni hulipa kilichoandikwa. Kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, unaweza kutumia utaratibu rahisi wa cheti cha uasilia hapohapo mpakani. Kumbuka tu kwamba tela linapokuongezea magunia, linaweza pia kukuvusha kikomo hicho bila wewe kujua. Vilevile, sheria ya Jumuiya ya mwaka 2013 ya kudhibiti uzito inagusa magari ya kuanzia kilo 3,500. Pikapu ya kilo 2,000 na tela letu la kilo 1,600 tayari ni kilo 3,600, kwa hiyo usishangae ukielekezwa mizani.

Ombi langu kwa wahusika wa usalama barabarani, pande zote za mpaka, ni dogo. Kila tela linalochomelewa liwe na kibao cha chuma kinachoonyesha uzito wake likiwa tupu, uzito wa juu linaoruhusiwa, na kama lina breki au halina. Fundi akilazimika kuandika namba hizo, atalazimika kuzifikiria. Mnunuzi akizisoma, ataacha kuuliza habari ya nguvu za injini peke yake. Askari naye atakuwa na kitu cha kukagua zaidi ya taa na leseni.

Hadi siku hiyo ifike, ukaguzi uko mikononi mwetu. Mtaji wa magunia 12 unaweza kutafutwa tena. Wale wanaokaa kando ya mteremko, wanauza ndizi na kuvusha watoto kwenda shule, hawana sauti katika biashara yetu, na wao ndio wanaokutana na tela lililokataa kusimama.