KAZI ZA MIKONO: Mwanasesere Mkuukuu na Subira ya Fundi

Kazi za mikono zifanywazo nyumbani ni nyingi: kufuma, kudarizi, kusuka mikeka, kushona. Katika Marekani, Ulaya na Japani iko nyingine ambayo aisikiaye mara ya kwanza huenda akacheka, nayo ni kuwatengeneza wanasesere wakuukuu wa mitindo, yaani wale walioumbwa kwa sura ya mwanamke kijana na kuuzwa pamoja na nguo za kubadilisha. Wafanyao kazi hiyo si watoto. Ni watu wazima, wake kwa waume, ambao jioni baada ya shughuli za siku huketi mezani na sindano, brashi nyembamba na beseni la maji. Anayeijua kazi yenyewe hacheki, kwa maana ina kanuni zake, na asiyezifuata huweza kuharibu kwa saa moja kitu kilichodumu miaka 60.

Asili ya wanasesere hao yajulikana. Mwaka 1955, katika Ujerumani ya Magharibi, alianza kuuzwa Lilli, aliyetokana na katuni ya gazeti la Bild, naye alikusudiwa hasa watu wazima. Bibi Ruth Handler wa Marekani, mmoja wa waasisi wa kampuni ya Mattel, alimwona Lilli mwaka 1956 alipokuwa safarini Uswisi. Tarehe 9 Machi 1959, mjini New York, kampuni yake ilimwonyesha Barbie hadharani, bei yake dola 3. Alitengenezwa Japani, akavikwa vazi la kuogelea la mistari myeusi na myeupe, na katika nyayo zake mlikuwa na matundu yenye vibomba vya shaba ili aweze kusimama juu ya kibao chake. Mwaka 1963 Uingereza nayo ikampata Sindy wake.

Jambo moja lililopunguza idadi ya wale wa kwanza lilitokea mwaka 1967. Mattel iliwaahidi wasichana wa Marekani kwamba atakayeleta mwanasesere wake wa zamani pamoja na dola moja na nusu angepewa mpya, mwenye kiuno cha kuzunguka. Wasichana wengi walikubali, na wale wakuukuu wakatoka majumbani. Waliobakia ni wale waliosahauliwa masandukuni, wengi wao wakiwa na nywele zilizokatwa kwa mkasi wa mtoto, midomo iliyopauka na masikio yaliyogeuka rangi ya kijani. Hao ndio wanaofika leo mezani kwa fundi.

Kanuni kuu ya fundi ni hii: lianze lile linaloweza kutenguliwa, na lisilotenguka lingoje. Vumbi likioshwa, hakuna kilichopotea. Lakini rangi ya uso iliyofutwa hairudi tena kama ilivyotoka kiwandani. Askari afunguapo bunduki yake ili kuisafisha hupanga kila kipande mahali pake kwa utaratibu, naye halazimishi kisichofunguka. Fundi wa wanasesere hana budi kufanya vivyo hivyo. Kichwa hakivutwi kwa nguvu, kwa sababu vinili ya zamani huchanika shingoni. Hupashwa joto kwanza kwa maji ya uvuguvugu mpaka kilainike, ndipo kitolewe polepole.

Mwili huoshwa kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini ya vyombo na kitambaa cha pamba. Mara nyingi miguu huonekana kunata hata baada ya kuoshwa. Huo si uchafu wa nje. Vinili ilichanganywa na mafuta ya kuilainisha, na miaka ipitapo mafuta hayo hutoka polepole hadi juu. Fundi huyapangusa, akijua kwamba huenda yakatoka tena. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha, yenye asetoni, isikaribishwe kamwe: huchubua uso wa vinili, na ile plastiki ngumu aliyotengenezewa Lilli huiyeyusha kabisa.

Nywele za Barbie wa miaka ile ya kwanza ni nyuzi za sarani, ambayo ni aina ya plastiki. Huoshwa kwa maji baridi, zikalainishwa kwa dawa ya nywele, kisha zikachanwa kuanzia ncha kwenda shinani, kidogo kidogo. Zikiwa zimepoteza mawimbi yake, huzungushwa kwenye vijiti vidogo na kumwagiwa maji ya moto, halafu zikaachwa hadi zikauke kabisa. Lakini si kila uzi huvumilia moto, kwa hiyo shungi moja dogo la kisogoni hujaribiwa kwanza. Na iwapo shungi la nyuma na nywele za kipaji bado zimefungwa vile vile zilivyotoka kiwandani, fundi mwenye busara hazifungui, hata zikiwa na vumbi. Kwa zile zilizokatwa ovyo ipo njia ya kupandikiza nywele mpya kwa sindano, tundu kwa tundu, kazi ya siku nyingi.

Masikio ya kijani ndiyo mtihani mkubwa. Vipuli vyake vilikuwa na shaba ndani, na shaba ikikaa muda mrefu katika vinili huacha kutu ya kijani inayopenya ndani. Kwanza vipuli huondolewa, ili madhara yasizidi. Wengi hupaka krimu ya chunusi yenye benzoili peroksaidi, wakaifunika na kuiacha mahali penye joto kwa siku kadhaa. Doa hufifia, lakini dawa hiyo hiyo hupausha vinili na kula rangi ya macho na midomo iliyo karibu. Haraka haraka haina baraka: wako waliotaka sikio safi wakaishia na shavu lenye baka jeupe. Wahifadhi wa makumbusho huogopa dawa kali za namna hii, na mara nyingi huridhika kutoa chuma kinachodhuru na kuliacha doa lilivyo.

Hapo ndipo mafundi wanapotofautiana. Wapo wasemao mwanasesere aliumbwa apendeze, basi na apakwe midomo upya. Wapo wasemao alama za mtoto aliyemchezea ni sehemu ya historia yake. Kila upande una haki yake, kwani mwenye mali ndiye mwenye kuamua. Lakini kuna jambo lisilo na pande mbili, nalo ni uaminifu. Mwanasesere wa mwaka 1959 aliyehifadhika vizuri huuzwa kwa maelfu ya dola, na tamaa ya fedha imewafanya wengine wapake rangi mpya, wabadilishe kichwa au mwili, kisha wauze kana kwamba hakuna kilichoguswa. Fundi wa kweli huandika kwenye karatasi kila alichobadilisha, na karatasi hiyo huandamana na mwanasesere aendako. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Wazazi nao wana la kuzingatia. Mwanasesere wa zamani asipewe mtoto mchanga anayetia kila kitu kinywani. Vipuli na viatu vyake ni vidogo mno na huweza kumkaba. Tena, aina kadhaa za mafuta ya kulainishia plastiki, ziitwazo ftaleti, zimewekewa mipaka katika vitu vya watoto na Umoja wa Ulaya tangu sheria ya mwaka 2005, na nchini Marekani tangu sheria ya mwaka 2008. Wanasesere wa zamani waliumbwa kabla ya sheria hizo. Krimu na dawa za kazi hii nazo zifungiwe kabatini.

Kwa mwenye mwanasesere wa aina yoyote nyumbani, awe wa thamani au la, utunzaji ni mmoja. Asiwekwe juani wala dirishani, kwa sababu jua hupausha rangi yake na ya nguo zake. Asihifadhiwe juu ya dari chini ya bati, kwani joto huharakisha kutoka kwa mafuta ya vinili. Asifungiwe katika mfuko wa plastiki. Kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa vizuri chatosha, ndani ya sanduku mahali pakavu penye ubaridi. Nguo nyekundu au nyeusi zisimkae mwilini miaka mingi, maana rangi yake huhamia kwenye vinili. Na kabla ya kufua nguo yoyote, pembe yake ibonyezwe kwa kitambaa cheupe chenye maji. Rangi ikitoka, nguo hiyo isitiwe majini. Ikung'utwe vumbi kwa brashi laini, basi.